Muulize Mzee Tela: Lori, baiskeli na ukingo wa lami

Mwezi uliopita, katikati ya maelezo ya kilachi inayoteleza, niliropoka kwamba tangu nistaafu tela nimenunua baiskeli. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua na ujumbe ulioingia ni mwingi kuliko wa breki na giaboksi ukijumlishwa pamoja. Wachache mmenipa pole mkidhani nimefilisika. Sijafilisika. Nimeendesha malori miaka 22, sehemu kubwa kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na daktari alipoona kiuno changu na sukari yangu akaniambia nichague kutembea au kupiga pedali. Nikachagua pedali kwa sababu unafanya mazoezi umekaa, na kukaa nimekuzoea.

Nina Phoenix nyeusi ya keria pana. Asubuhi nyingi inanitoa Msamvu hadi kwenye kishamba changu Kingolwira, barabara ileile niliyokuwa napita na tani 30 mgongoni. Haya ninayojibu leo mengine niliyaona nikiwa juu ya usukani, mengine nikiwa ndani ya mtaro.

*

"Mzee Tela, shikamoo. Mimi ni dereva wa Fuso, napeleka saruji Iringa mara mbili kwa wiki. Kero yangu ni waendesha baiskeli. Hawana leseni, hawana bima, hawalipii barabara hata senti tano, halafu wanakaa katikati ya lami kama ya baba yao. Ukiwapigia honi wanakugeukia na kukutazama tu. Kwa nini wasiondolewe barabara kuu wakapita njia zao za vumbi?" – Dereva wa Fuso, Chalinze

Marahaba, mwanangu. Barua yako ningeweza kuiandika mimi mwaka 1995, ila mimi ningeongeza na matusi. Tuanze na pesa, maana naona ndiyo inayokuuma.

Leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, mzigo wake ukahamishiwa kwenye lita ya mafuta. Kwa hiyo ni kweli unalipia barabara kila unapojaza tangi, na mwenye baiskeli halipi kwa njia hiyo kwa sababu yeye mafuta yake ni ugali. Lakini jiulize unalipia nini. Kwa nini pale Vigwaza wanakupima ekseli kwa ekseli badala ya kukuhesabia tu matairi na kukuruhusu? Kwa sababu kinachovunja lami ni uzito, tena uharibifu wake haukui kwa hesabu ya kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walijenga barabara za majaribio, wakazungusha malori juu yake muda mrefu, wakapata kanuni ambayo wahandisi wanaishika mpaka leo: uzito wa ekseli ukiongezeka mara 2, uharibifu unaongezeka kama mara 16. Ni kipeo cha nne. Sasa ekseli ya tani 10, ambao ndio ukomo wa ekseli moja yenye matairi manne, ni mara 100 ya gurudumu la baiskeli lililobeba kilo 100. Chukua 100 uizidishe kwa 100, na tena kwa 100, na tena kwa 100. Unapata milioni 100. Maana yake ekseli yako moja ikipita mara moja, mwenye baiskeli apite mara milioni 100 ndipo mlingane kwa kuharibu. Sidhani kama ana nafasi hiyo.

Na ujue wazee wetu waliwahi kulipa. Baba yangu alikuwa na kibati cha leseni ya baiskeli, amekifunga kwenye mtalimbo, anakilipia. Kibati hicho hakikumsaidia chochote. Malori yalimsukumia kwenye majani vilevile.

Hoja yako ya katikati ya lami ndiyo kubwa, na hapo nataka uchukue futi ya fundi upime mwenyewe. Njia yako moja pale Ubena Zomozi ina upana wa mita 3 na robo hivi. Bodi ya lori ina karibu mita 2 na nusu. Zinabaki sentimita 75. Usukani wa Phoenix peke yake ni kama sentimita 60. Zinabaki 15, na hapo sijahesabu saiti mira zako wala magoti ya huyo mtu. Nani anapita hapo? Hakuna. Huwezi kumpita mwenye baiskeli ukiwa ndani ya njia yako, awe amekaa katikati au amejibana pembeni mpaka anakula majani. Lazima uhamie kulia, na kama kulia kunakuja basi, lazima umsubiri.

Anayekaa mita moja kutoka ukingoni anakwambia ukweli huo mapema, ukiwa bado na nafasi ya kuamua. Anayejibana ndiye anayekudanganya. Anakuonyesha upenyo ambao haupo, wewe unauamini, unaingiza kichwa, basi linatokea, unarudi kushoto. Mimi nilipitisha miaka nikiwasifu wanaojibana kuwa wana adabu. Hawakuwa na adabu, walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa inanipa mimi ujasiri wa kijinga.

Najua unachotaka kuniambia. Lori lenye shehena likishuka hadi kilomita 20 kwa saa, kulirudisha 60 ni kupanda gia zote upya na dizeli inalia. Nakubali kabisa, na anayekuambia upunguze mwendo tu bila kujua hilo hajawahi kushika usukani wa gari zito. Ndiyo maana dawa yake si breki, ni mguu. Baiskeli kwenye barabara iliyonyooka unaiona toka mita 300. Ukiwa na 80, ambayo ndiyo mwisho wa gari kubwa nje ya mji, una kama sekunde 15 kabla ya kumfikia. Toa mguu kwenye mafuta pale pale ulipomwona. Usiguse breki. Tazama mbele: basi litafika kwake lini? Wewe utafika lini? Kazi yako ni kuhakikisha nyie watatu hamkutani sehemu moja. Kwenye nusu ya safari zako utakuta basi limeshapita wakati wewe bado una 60, unahamia kulia bila hata kubadili gia. Watu wananiambia nilikuwa dereva mtulivu miaka yangu ya mwisho. Sikuwa mtulivu, nilikuwa nabana mafuta ya tajiri ili tugawane.

Ukihamia, hamia mwili mzima. Mpe mita moja na nusu. Ufaransa wameiandika kwenye sheria yao: mita 1 mjini, mita 1 na nusu nje ya mji. Na wenzangu wa tela wasikie hapa, wewe Fuso pumzika: kichwa kikishampita, nyuma yako bado kuna zaidi ya mita 12 za chuma zinakuja, na kwenye kona tela inakata ndani kuliko kichwa. Usirudi kushoto mpaka umemwona mzima kwenye kioo, yeye na gurudumu lake la mbele.

Honi piga fupi ukiwa mbali, mita 100 hivi, kama mtu anayebisha hodi. Honi ya upepo ukiwa umeshamfikia haimwonyi mtu, inamrusha. Akikugeukia na kukutazama, kama unavyolalamika, shukuru. Amekuona. Ila ujue kwamba shingo ikigeuka, usukani nao unageuka, kwa hiyo ukimpa honi ya karibu unamwita aje kwako.

Kuhusu njia za vumbi: Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaihesabu baiskeli kuwa chombo cha barabarani, ina haki na ina wajibu. Na vijiji vingi unavyovipita havina hiyo njia ya pili. Ilikuwapo moja, ndiyo tuliyoimwagia lami.

Nikuulize swali moja tu la mwisho. Ukiingia Mikumi unafanya nini? Unashuka mwendo, unaangalia kushoto na kulia, kwa sababu ya matuta na kwa sababu ya lile bango la faini ya kila mnyama. Twiga ana bei yake, nyumbu ana bei yake. Mimi nilikuwa nanyenyekea humo ndani kama naingia msikitini. Nikitoka kurudi Morogoro, nikifika Doma watoto wa shule wako kwenye baiskeli wawili wawili, nakanyaga. Nilikuja kuliona hili nikiwa nimeshastaafu.

*

"Shikamoo mzee. Nabeba ndizi kutoka Kiroka kuja soko la Mawenzi, mikungu minne au mitano kwa safari. Huwa napita upande wa kulia ili magari yanijie usoni niyaone. Mwenzangu anasema nakosea. Halafu lori kubwa likinipita upepo unataka kunivuta chini ya tairi. Nifanyeje?" – Mbeba ndizi

Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na nitakueleza kwa nini, maana ukiambiwa tu "ni kosa" utaendelea.

Gari lina 60, wewe una 15. Likikujia kwa nyuma, linakukaribia kwa 45. Likikujia usoni, linakukaribia kwa 75. Toka mita 100, dereva wa nyuma ana sekunde 8 za kufikiri. Wa usoni ana chini ya 5. Umeyaona magari, sawa, lakini wewe na mikungu mitano utakwenda wapi? Pia dereva anayetoka barabara ya pembeni akikata kushoto anatazama kulia, kwa sababu magari yanatoka kulia. Wewe unamtokea kushoto, mahali ambapo hana sababu ya kutazama. Kutembea kwa miguu ukikabili magari ni sawa, kwa sababu mtu wa miguu anaruka. Baiskeli hairuki.

Kama shida ni kuona nyuma, nunua kioo cha bodaboda, kile cha duara, ukifunge kwenye usukani upande wa kulia. Ndizi zako zinaziba ukigeuza shingo. Kioo kinatazama pembeni yake.

Sasa upepo. Umeuelezea nusu. Lori lina hatua mbili: kichwa kinakusukuma nje kwanza, halafu mwili ukimalizika kupita, upepo unaingia pale nyuma yake na kukuvuta ndani. Wanaoanguka wengi wanaanguka kwenye hatua ya pili, kwa sababu kwenye ile ya kwanza walishajibu kwa kuegemea kulia. Ukisikia mlio wa tela unakuja, legeza viwiko, shika usukani bila kuubana, endelea kupiga pedali kwa mwendo uleule, usifunge breki na usipigane na ule msukumo wa kwanza. Unapita wenyewe. Ndiyo sababu nyingine ya kukaa mita moja kutoka ukingoni: ukisukumwa nje, uwe na pa kusukumwa.

Na ukingo wenyewe ni adui yako kuliko lori. Lami ikishuka kiganja kizima kuelekea kwenye udongo, gurudumu la mbele likidondoka, kitu cha kwanza mwili unachotaka ni kurudi juu. Usirudi. Gurudumu litakwaruza ule ukingo kwa pembeni, litakataa kupanda, na wewe utalala kulia, ndani ya njia ya magari. Ukidondoka, baki chini, punguza taratibu, simama, nyanyua. Dakika moja ya aibu.

Breki zako nadhani ni zile za vyuma zinazobana rimu kwa chini. Mvua ikinyesha zinageuka mapambo. Rimu ya chuma ikilowa, mpira unateleza tu. Kabla ya mteremko anza kubana mapema kidogo kidogo ili kukausha rimu, na kama mvua ni kubwa, shuka ukokote. Miaka ile nilipokuwa napeleka mzigo Bujumbura, pale Bugarama barabara inaanza kuporomoka kwenda mjini, vijana wa ndizi walikuwa wananipita mimi, na baiskeli zimebeba mikungu mpaka huoni mtu, unaona shamba linakimbia. Wakati wa kurudi juu walikuwa wananing'inia nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye bodi. Utingo wangu alikuwa anawahesabu kwenye kioo. Siku nyingine wanaanza sita, tukifika juu ni watano, na hatujui wa sita ameachia mwenyewe au vipi. Usije ukaniambia na wewe unafanya hivyo kwenye mlima wowote.

Usiku: riflekta yako ya matigadi imefunikwa na ndizi, haipo. Funga nyingine juu ya mzigo, mahali pa mwisho kabisa nyuma. Wengine wanatundika CD mbovu, si mbaya, lakini CD inayumba na inamulika inapotaka. Kinachomwambia dereva haraka kuliko vyote kwamba "huyu ni mtu wa baiskeli" ni zile riflekta ndogo za njano kwenye pedali, kwa sababu zinapanda na kushuka. Hakuna kitu kingine barabarani kinachopanda na kushuka namna hiyo. Mafundi wengi wanazing'oa pedali zikianza kulia. Mwambie wako akurudishie.

*

"Mzee Tela, habari. Mwanangu wa miaka 13 anaenda shule kwa baiskeli. Wiki iliyopita dereva wa teksi aliyeegesha alifungua mlango, mtoto akaugonga akaanguka. Dereva akamfokea eti 'huoni?' Nimemzuia asiendeshe tena lakini shule ni mbali." – Mama wa mwanafunzi, Kihonda

Pole mama, na mpe pole mtoto. Mrudishie baiskeli yake.

Aliyefokewa si aliyekosea. Mlango unafunguliwa na aliye ndani, na aliye ndani ndiye anayejua kama anataka kuufungua. Uholanzi, ambako baiskeli ni nyingi kuliko watu, madereva hufundishwa kufungua mlango kwa mkono wa mbali. Kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo dereva afungue kwa mkono wa kushoto. Jaribu sasa hivi kwenye kiti ulichokalia: ukipeleka mkono wa kushoto upande wa kulia, bega linageuka, kichwa kinafuata, macho yanaangukia nyuma bila kuambiwa. Tangu nijue hilo nawalazimisha wakwe zangu wote.

Mtoto mfundishe mambo mawili tu, ukimpa kumi atasahau yote. La kwanza, magari yaliyoegeshwa ayapitie mbali kiasi kwamba akinyoosha mkono wa kushoto asiyaguse, na atazame kama kuna kichwa cha mtu ndani. La pili, daladala ikisimama kituoni asipenye kushoto kwake hata siku moja, maana abiria wanashukia huko, tena wanashuka huku wanadai chenji. Na mshushie kiti. Watoto wengi naona wanaendesha baiskeli za baba zao, miguu haifiki chini, breki yao ni ukuta.

*

"Kimara hadi mjini njia ya baiskeli imejaa meza za chipsi na bodaboda zimepaki. Nikipita kwenye barabara ya mwendokasi nafika haraka na hakuna foleni. Kuna ubaya gani kama basi halipo?" – Msafiri, Kimara

Basi lipo. Hujaliona bado. Lina njia moja, ukuta mdogo kushoto, ukuta mdogo kulia, na abiria wamesimama ndani. Dereva akikukwepa atawaua abiria wake, asipokukwepa atakuua wewe. Usipite humo.

Kwenye meza za chipsi tuko pamoja. Mradi wa mwendokasi ulipoanza kubeba abiria mwaka 2016 ulikuja na njia za miguu na za baiskeli pembeni, na mwaka 2018 jiji la Dar es Salaam likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri kwa sababu yake. Sijui waliokuja kukabidhi tuzo walipita hapo na baiskeli au na gari. Peleka malalamiko serikali ya mtaa, kwa maandishi, mkiwa wengi, na mwenye meza mwambieni ana kwa ana kwanza kabla hajaambiwa na mgambo. Ni jirani yenu.

*

"Mzee, sitaji jina. Wiki tatu zilizopita, saa moja jioni, nikiwa na Canter, nilimgusa mzee wa baiskeli. Kwenye kioo nilimwona ameanguka, halafu akainuka akakaa. Watu wakaanza kukimbia kuja, nikaogopa kuchomewa gari, nikaondoka. Tajiri hajui. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nifanye nini?"

Nimeisoma barua yako mara nne. Nilitaka kuijibu kwa faragha, lakini hukuacha namba, kwa hiyo nakujibu hapa, na wengine mtaniwia radhi kwa urefu.

Mwaka 1998, mvua za El Niño zimekula mabega ya barabara, nilikuwa natoka Dar na tela. Kabla ya Ubena Zomozi kulikuwa na mzee amebeba kuni. Basi likatokea. Nilirudi kushoto. Kichwa kilimpita salama. Ndoano ya turubai ya tela ikashika kuni zake. Sikusikia kitu. Utingo ndiye aliyepiga kelele. Nikasema, "Ameanguka kwenye majani, hana kitu," nikaendelea. Kama kilomita mbili mbele utingo, kijana wa miaka 19, akafungua mlango gari likitembea, akasema, "Bosi, nishushe mimi nirudi." Nilisimamisha kwa sababu ya mlango, sitaki kukudanganya kwamba ilikuwa ni dhamiri. Tukaomba lifti ya pikapu tukarudi.

Mzee alikuwa amekaa kwenye ukingo, mkono wa kulia ameupakata kama mtoto, umevunjika kwenye kiwiko cha chini karibu na kiganja. Gurudumu la nyuma limekunjika kama namba nane. Kulikuwa na watu kama kumi na tano. Mama mmoja akaniuliza, "Ndiye wewe?" Nikasema ndiye. Akanitazama muda, halafu akamwambia mwanawe alete kiti, sikujua ni cha nani, kumbe ni cha mzee. Hakuna aliyenigusa. Sisemi ndivyo inavyokuwa kila siku. Nimeshuhudia gari linaungua na dereva ambaye hakuwa hata na kosa amepigwa vibaya. Hofu yako si ya uongo.

Lakini hofu ina njia yake halali. Ukiona watu wanakuja na huna usalama, ondoka, ila unakwenda kituo cha polisi cha karibu, moja kwa moja, ukajitaje. Huendi nyumbani. Tofauti ya dereva aliyekimbia na aliyekwenda kuripoti ni ule mwelekeo alioshika alipoondoka, na wewe ulishika usio sahihi. Wiki tatu zimepita. Bado mwelekeo unageuzika.

Nenda kituo cha eneo lile ukaandikishe maelezo. Nenda na mtu mzima anayeheshimika, na kama unaweza kupata msaada wa kisheria kabla ya kuandikisha, upate. Inawezekana ukashtakiwa, na kule kuondoka kutahesabiwa dhidi yako. Ningekudanganya nikisema vinginevyo. Pamoja na hayo fikiria upande wake: mtu aliyeumia ajalini akifika hospitali anaulizwa fomu ya PF3, na hiyo PF3 inatoka polisi, na polisi wanauliza gari gani. Yeye anajibu, "Ilikuwa Canter." Basi. Matibabu anatoa mfukoni.

Mwambie tajiri leo, kabla ya polisi. Bima iko kwenye gari lake. Ile bima ndogo ambayo kila gari linalazimishwa kukata, tunayoiona kama ushuru wa kumnyamazisha trafiki, haikukatwa kwa ajili ya Canter. Imekatwa kwa ajili ya huyo mzee. Haimlipi mtu wa gari lisilojulikana, inamlipa wa gari lenye namba, na namba unayo wewe. Tajiri atafoka. Wangu alinikata mshahara miezi minne na kila mwisho wa mwezi alinikumbusha kwa nini.

Wengine mliobaki, ikiwatokea: simamisha gari, washa taa za hatari, weka pembetatu nyuma ili gari jingine lisije kumaliza ulichoanza. Usimnyanyue aliyeanguka kwa kumvuta mikono, shingo yake huijui. Piga 112. Mfunike. Kaa naye, hata kama anakutukana.

Halafu, ndugu yangu usiyetaja jina, ukishamaliza ya polisi, mtafute mzee mwenyewe. Usiende na bahasha peke yake. Baiskeli ile huenda ndiyo inayoteka maji, ndiyo inayopeleka mahindi mashineni, na imelala nje imekunjika wakati nyie mnasubiri karatasi. Mimi nilinunua rimu Kariakoo, nikaifunga juu ya kichwa cha lori, safari iliyofuata nikaishusha Ubena. Mzee akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaizungusha, akaanza kuhesabu matundu kwa kidole. Akafika 32, akacheka, mara ya kwanza kumwona anacheka. "Dereva," akaniambia, "hii ni ya mbele." Ikanibidi nirudi tena wiki iliyofuata. Kwa hiyo ukifika dukani hesabu kabla ya kulipa: kama baiskeli yake ni Phoenix kama ya yule mzee, rimu ya nyuma ni ya spoki 40.